Sakafu kwanza, choo baadaye: kisa cha karavani iliyovuja Texas

Kisa hiki kinahusu karavani, yaani nyumba ya magurudumu ya kukokotwa na pikapu, ya urefu wa futi 26, iliyokuwa imeegeshwa kwenye uwanja wa karavani nje kidogo ya Dallas, Texas. Wenyewe ni dada mmoja wa Mombasa na mumewe. Dada ni muuguzi wa mikataba: hospitali za Marekani zikipungukiwa wauguzi huwachukua watu kama yeye kwa muda, mara nyingi wiki 13, na mkataba ukiisha wanahamia mji mwingine. Kupanga nyumba kila baada ya miezi mitatu ni mzigo, ndiyo maana baadhi ya wauguzi wa namna hii hununua karavani na kuhama na nyumba yao. Kwa hiyo choo ninachokizungumzia hapa si cha watu wa likizo za wikendi. Ni choo cha nyumbani, kinatumika asubuhi na usiku, mwaka mzima.

Malalamiko yalikuwa mafupi. Maji yanaonekana sakafuni kuzunguka choo, sakafu inabonyea ukiikanyaga, na kuna harufu. Fundi wa kwanza, huko Minnesota walikotoka, alibadilisha mpira wa chini ya choo. Palikauka kwa muda, kisha maji yakarudi. Fundi wa pili hakufungua kitu. Alitazama, akawaambia choo kimechoka, wanunue kipya. Dada aliponipigia simu mimi, fundi wa tatu, alikuwa ameshachagua.

"Fundi, nimeshakitia kwenye kikapu cha mtandaoni, imebaki kubonyeza tu. Ninunue, nisinunue?"

"Usinunue kwanza, dada. Niambie, hayo maji huwa yanatoka wakati gani?"

Alishangaa kidogo. Maji ni maji, alisema, yapo tu. Lakini wakati maji yanapotokea ndio unaosema yanatoka wapi, na kwenye choo cha karavani kuna mahali patatu au panne tu yanapoweza kutokea.

Kwa asiyewahi kukifungua choo hiki, nieleze kilivyo. Hakina tangi la maji mgongoni kama choo cha nyumbani. Maji yanatoka moja kwa moja kwenye bomba lenye presha, yanapita kwenye vali ndogo ya plastiki iliyofichwa nyuma ya choo, na vali hiyo inafunguka ukikanyaga pedali. Pedali hiyohiyo inafungua mlango wa chini ya bakuli. Aina nyingine mlango huo ni wa mviringo, nyingine ni bapa unaoteleza pembeni. Chini ya mlango hakuna ile shingo ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu. Kuna bomba fupi la inchi 3 linaloshuka wima hadi kwenye tangi la maji machafu, na tangi lenyewe liko hapohapo chini ya sakafu. Kinachokutenganisha na tangi ni ukingo wa raba wa ule mlango, pamoja na vidole viwili vitatu vya maji vinavyobaki bakulini. Choo chenyewe kimekaa juu ya flenji, yaani pete ya plastiki iliyopigiliwa skrubu kwenye sakafu ya mbao. Bolti mbili zinasimama kutoka kwenye flenji, choo kinashukia juu yake, na kati ya choo na flenji kunawekwa sili, yaani ule mpira wa kuziba wa chini ya choo, ya raba au sponji ngumu.

Sasa ukijua hivyo, maji yanaanza kujieleza. Yakitokea hata kama hakuna aliyeingia chooni, ni maji safi yenye presha: vali imepasuka au maungio yake yamelegea. Yakitokea nyuma ya choo kila ukikanyaga pedali, na ni safi, mara nyingi ni kile kifaa kidogo cha kuzuia maji machafu yasirudi kwenye bomba la maji ya kunywa, kimechoka. Yakitokea chini, yana rangi au harufu, na hasa mtu akikaa au karavani ikitoka safarini, ni sili ya flenji. Na kama sakafu ni kavu lakini bakuli halishiki maji na harufu inapanda, basi ni raba ya mlango. Choo kizima kinaweza kuwa hakina kosa katika hali zote hizi nne isipokuwa kwa kipande kimoja cha dola makumi machache.

Nilipomuuliza tena, taratibu, dada alikumbuka jambo. Usiku wa baridi wao huchomoa mpira wa maji wa uwanjani usije ukaganda, wakatumia tangi lao la maji safi na pampu ya volti 12. "Na usiku huo, kaka, pampu huwa inanguruma yenyewe. Kidogo tu, kisha inanyamaza. Mume wangu husema ni hewa."

Si hewa. Pampu ya karavani inawaka pale tu presha inaposhuka kwenye mabomba. Kama bomba zote zimefungwa na watu wamelala, na pampu inawaka, kuna mahali maji yanatoka. Nilikuwa na hakika kabla sijafika kwamba sehemu ya tatizo ni maji safi, na kwamba mpira wa chini uliobadilishwa Minnesota haukuwa na uhusiano na chanzo.

Nilipofika tulianza na vitu vya jikoni: tishu za kukausha mikono na rangi ya buluu ya chakula. Nilikausha sakafu vizuri, nikazungushia choo tishu kavu pande zote, tukafunga maji ya uwanjani, tukawasha pampu. Hakuna aliyekanyaga pedali. Tulikaa nje tukinywa chai. Pampu ilinguruma mara moja, sekunde chache. Tulipoingia, tishu za nyuma zilikuwa zimelowa, za mbele na ubavuni kavu kabisa. Nilipitisha simu nyuma ya choo, ambako kichwa hakifiki, nikapiga picha. Kwenye mwili wa vali, upande wa chini, palikuwa na ufa mwembamba, na kwenye ufa huo tone moja limening'inia. Nilimwonyesha dada ile picha. Akamwita mumewe aje aone.

Jaribio la pili lilikuwa la maji machafu. Nilitia rangi ya buluu bakulini, nikamwomba shemeji akae, aegemee kulia, aegemee kushoto, kisha aflashi. Choo kilicheza. Nilikiona kwa macho kikiinuka upande wa kulia kwa unene wa kadi ya benki. Tishu ya mbele kulia ikapata doa la buluu.

Kwa hiyo maji yalikuwa ya aina mbili, na hapo ndipo mafundi wawili waliotangulia walipopotelea. Yule wa kwanza aliona maji machafu akatibu maji machafu. Hakukosea kuyaona. Lakini maji machafu yalikuja baadaye. Yaliyotangulia ni maji safi. Vali ilidondosha tone baada ya tone nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mtu anayetazama. Maji yakaingia chini ya lino, yaani lile tandiko la plastiki la sakafuni, yakaloweka mbao. Mbao zikavimba, kisha zikalainika. Skrubu za flenji zikakosa pa kushika. Flenji ikaanza kucheza, choo kikaanza kucheza nayo, na sili inayosagwa kila mtu anapokaa haiwezi kudumu hata ikiwa mpya. Ukiweka sili nzuri juu ya sakafu inayobonyea, umenunua wiki chache tu.

Kuna jambo jingine lililochelewesha, na nalitaja kwa sababu Waswahili wengi wanaoishi kwenye karavani watalitambua. Nyumba hii ni ya Waislamu, na kopo la kustanji, yaani la maji ya kujisafishia, lipo pale pembeni ya choo. Kwa miezi, kila walipoona unyevu sakafuni walidhani ni maji ya kopo yaliyomwagika. Walifuta, wakaendelea. Kwa hali hiyo hata mimi ningedhani hivyo. Ninachowashauri wenye kopo ni kuweka trei ya plastiki chini yake. Trei ikiwa kavu na sakafu imelowa, maji hayo si ya kopo.

Ufa wenyewe ulitoka Minnesota. Majira ya baridi walikuwa wamepanga chumba mjini na karavani wakaiegesha. Walifanya karibu kila kinachotakiwa: walimwaga tangi la maji safi, wakamwaga hita ya maji, wakafungua bomba za jikoni na bafuni zikakauka. Hakuna aliyewaambia wakanyage pedali ya choo. Vali ya choo ikifungwa inabaki na maji ndani yake. Maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na plastiki ndogo namna ile haina pa kuyapisha. Inapasuka kimyakimya, na huoni kitu mpaka maji yarudishwe majira ya machipuko. Hata Texas, watu wanakojiona wako salama, baridi ya Februari 2021 ilipasua mabomba ya nyumba nyingi mno, na karavani hazikusalimika.

Hapo dada aliuliza swali la haki: kama ni vali tu, si tubadilishe vali na kukaza bolti? Kwa choo ambacho hakijaanza kucheza, jibu ni ndiyo. Vali inauzwa peke yake, ni bei ndogo, na ni kazi ya saa moja. Lakini hiki kilikuwa kimecheza kwa muda mrefu. Nilipoondoa vifuniko vya bolti niliona plastiki ya kitako cha choo imepasuka kuzunguka tundu la bolti upande wa kulia, ule uliokuwa ukiinuka. Kitako kikipasuka hapo hakikazwi tena. Kwa hiyo choo kipya kilihitajika kweli. Ila kilihitajika mwisho, baada ya sakafu na flenji. Kama angebonyeza kile kikapu chake siku ile, kingefungwa juu ya mbao zilizooza, naye angekuwa amelipia shida ileile mara ya tatu.

Kazi ya kukitoa haina maajabu ila ina utaratibu. Kwanza tangi lilimwagwa kwenye bomba la maji taka la uwanjani na kusuuzwa. Sikubali kufungua choo cha mtu kama tangi halijamwagwa, kwa sababu ya uchafu na pia kwa sababu ya gesi. Tangi la kinyesi linatoa methani na gesi ya salfa, zote hazichezewi ndani ya chumba kidogo. Tulifungua feni ya darini, tukazima jiko la gesi, tukafunga maji, tukafungua bomba la sinki presha iishe. Glovu ndefu, miwani. Nikafungua nati ya bomba la maji nyuma, nikafungua nati mbili za kitako, nikakiinua choo wima. Plastiki ni nyepesi, mtu mmoja anatosha. Kisha nikaziba tundu la inchi 3 kwa kitambaa kilichofungwa kamba, na ncha ya kamba nikaifunga kwenye kitasa cha mlango, kitambaa kisije kikadumbukia tangini katikati ya kazi.

Nilipokunja lino nyuma, mbao zilikuwa nyeusi kwa eneo kubwa kuliko nilivyotarajia. Nilichoma kwa bisibisi: mbele ilikataa, nyuma iliingia mpaka mpini. Karavani nyingi za Marekani huundwa kaunti ya Elkhart, jimbo la Indiana, na zote lazima ziwe nyepesi ili zikokoteke, kwa hiyo sakafu za nyingi ni mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi, si ubao mzima. Mbao hizo ni imara zikiwa kavu. Zikilowa mara kwa mara gundi inaachia, na hapa zilikuwa zinabomoka mkononi kama majani ya chai yaliyochujwa. Skrubu nne kati ya zile za flenji nilizitoa kwa vidole.

Hapa ndipo fundi anapojaribiwa. Unaweza kumimina gundi ya epoksi kwenye mbao laini, ukaweka skrubu ndefu zaidi, ukafunga choo, mteja akafurahi. Epoksi ina kazi yake, kwa doa dogo ambalo limeanza tu kulainika. Haiwezi kugeuza uozo kuwa ubao. Niliwaeleza wote wawili kwamba lazima tukate hadi kwenye mbao nzima, na kwamba watatumia choo cha uwanjani mpaka pakauke. Shemeji hakupenda, na kwa mtu anayeamka alfajiri kwa sala na kazi, kutembea nje kwenye baridi si jambo dogo. Lakini alikubali.

Kabla ya kukata nilitoboa tundu dogo kupima unene wa sakafu, nikaweka kina cha msumeno sawasawa na unene huo. Chini ya sakafu ya choo kuna tangi, kuna mabomba, na mara nyingi kuna nyaya. Msumeno ukizidi nusu inchi tu unaweza kujikuta una kazi tatu badala ya moja. Nilikata mraba unaofika katikati ya maboriti pande mbili, ili kiraka kipate pa kukalia, na upande usio na boriti nikaingiza vipande vya mbao vya kushikilia kutoka chini. Flenji niliikagua ikiwa wazi. Ilikuwa nzima, na bomba lake limeunganishwa vizuri na tangi. Nilifurahi sana kwa hilo, maana tangi nyingi ni za politheni, na gundi ya mabomba ya plastiki nyeusi haishiki kwenye politheni. Bomba likichomoka kwenye tangi, ukarabati wake ni mgumu kuliko yote niliyoeleza hapa.

Tuliacha feni na mashine ya kukausha hewa vifanye kazi mpaka maboriti yakawa makavu kabisa. Kufunika unyevu ni kuupa kuvu makazi. Kiraka nilikikata kwa plaiwudi nzuri ya inchi 5/8, sawa na sakafu iliyobaki. Kingo zote, na mzunguko wa tundu la bomba, nilizipaka epoksi nyembamba kabla ya kukipachika, kwa sababu plaiwudi hunywa maji kwenye kingo zake kuliko kwenye uso. Skrubu zote mpya, za chuma kisichoshika kutu.

Kisha flenji. Niliilaza juu ya lino jipya, nikaikaza pande zote, nikaweka rula ya chuma juu yake kupima imeinuka kiasi gani kutoka sakafuni. Inatakiwa iwe kati ya robo inchi na chini kidogo ya nusu inchi. Ikiwa chini mno sili haikandamizwi, maji yatapita. Ikiwa juu mno choo kinakalia flenji badala ya sakafu, na kitacheza hata ukikaza vipi. Fundi akiniambia ameweka sili mbili moja juu ya nyingine, najua flenji yake iko chini na hakutaka kuishughulikia.

Wakati pakiendelea kukauka ndipo tulipochagua choo. Kampuni mbili zinajulikana zaidi kwenye soko hili, Thetford ya Michigan na Dometic ya Sweden, na vyoo vyao vya kawaida vinakaa kwenye flenji za namna moja, kwa hiyo si lazima urudie kampuni uliyokuwa nayo. Unachopaswa kupima ni nafasi. Kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la flenji, vyoo vingi vya karavani vinahitaji kama inchi 11. Choo cha nyumbani kinahitaji 12 na tangi lake la mgongoni, ndiyo maana wazo la kuchukua choo cha nyumbani halifiki mbali. Kisha unapima upana, upande pedali ilipo, mahali bomba la maji linapotokea, na mlango wa kuingilia chooni unapofunguka unaishia wapi. Kile alichokuwa amekitia kwenye kikapu kilikuwa cha bakuli refu. Kingegusana na mlango huo.

Halafu kuna urefu wa kwenda juu. Vipo vyoo vifupi, vimetengenezwa kwa ajili ya karavani ambazo choo chake kimejengwa juu ya kiinuko. Mtu akinunua kifupi kwa bei rahisi akakiweka kwenye sakafu ya kawaida, magoti yake yatamjulisha. Dada anasimama zamu za saa 12. Nilimwambia asijinyime hapo. Alichagua cha urefu wa kawaida, cha kauri badala ya plastiki. Kauri ni nzito na ni ghali kidogo, ila inasafishika vizuri, haichuniki kwa brashi, na haipati mikwaruzo inayohifadhi harufu. Kwa watu wanaoishi ndani mwaka mzima mimi husema kauri. Kwa karavani inayotoka mara mbili kwa mwaka, plastiki inatosha kabisa.

Suala la maji ya kustanji tulilizungumza kwa kirefu, na nilipenda kwamba hawakuona haya kulileta. Walitaka bomba dogo la mkononi lenye kitufe, badala ya kopo. Vyoo vya karavani vingine huja na bomba la mkono la kusuuzia bakuli, na yanafaa, lakini kuna mambo ya kuangalia. Presha ya uwanjani inaweza kuwa kubwa kuliko mpira mwembamba unavyovumilia, kwa hiyo lazima pawe na kipunguza presha pale mpira wa maji unapoingia kwenye karavani, na pawe na koki ndogo ya kufunga bomba la mkono likishatumika. Lazima pia pawe na kizuizi cha maji kurudi, kwa sababu bomba likidumbukia bakulini presha ikiwa imeshuka, linaweza kunyonya maji machafu kuyapeleka kwenye mabomba ya jikoni. La tatu ni tangi. Lao ni la galoni 30, yaani lita 113 hivi, na maji ya kustanji yanalijaza haraka zaidi. Kwao hilo halikuwa tatizo kubwa, maana wanaegesha mahali penye bomba la maji taka na wanaweza kumwaga wakati wowote. Na maji mengi tangini yanasaidia: kinyesi kinachoelea kinamwagika chote, kinachokauka kinajenga kilima chini ya tundu. Ndiyo sababu vali ya tangi haiachwi wazi hata ukiwa umeunganishwa na bomba la taka. Maji yatakimbia, vigumu vitabaki.

Kufunga choo kipya kulichukua muda mfupi kuliko maelezo yote haya. Sili mpya ya raba juu ya flenji; nta ile inayotumika majumbani siiweki kwenye karavani, kwa sababu ya joto la kiangazi la Texas na mitikisiko ya barabarani. Choo kikashushwa wima juu ya bolti, nikakikalia kwa uzito wangu wote sili ishike, kisha nati kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa zamu, mpaka kikaacha kucheza. Hapo nikasimama. Kauri haitoi onyo. Ukiongeza robo mzunguko kwa ajili ya kujiridhisha inaweza kupasuka. Nati ya plastiki ya bomba la maji niliikaza kwa mkono. Inabana kwa mpira wake wa ndani wa kuziba, haihitaji tepu wala spana kubwa.

Wengi huzungushia silikoni kitako kizima ili papendeze. Mimi nilipaka mbele na ubavuni, nyuma nikaacha wazi. Kukiwa na uvujaji siku moja, nataka maji yatoke nje yaonekane, yasifungiwe ndani kula sakafu tena. Shemeji aliona ni uchafu wa kazi mpaka nilipomkumbusha tishu zilizolowa ni za upande gani.

Tulirudia majaribio yaleyale, kwa tishu kavu na rangi ya buluu. Pampu ilikaa kimya jioni nzima. Shemeji alikaa, akaegemea kila upande, akaflashi. Tishu zilibaki nyeupe. Jaribio la mwisho niliwaachia wao: waache maji bakulini usiku, waweke alama ya penseli ukingoni, watazame asubuhi. Dada alinitumia picha kabla hajaenda kazini. Maji yalikuwa palepale.

Mkataba uliofuata uliwarudisha kaskazini, na kabla ya baridi alipiga simu akitaka utaratibu wa vali aandike kwenye karatasi abandike ndani ya kabati. Ni huu. Mabomba yote yakishamwagwa, unavuta kwenye pampu ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, ya karavani, iliyotengenezwa kwa propilini glikoli. Ile ya injini ya gari ni sumu na haipiti kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Unafungua bomba moja baada ya jingine, la moto na la baridi, mpaka kila moja litoe rangi ya waridi. Kisha unakanyaga pedali ya choo na kuishikilia mpaka bakuli nalo litoe waridi, halafu unabonyeza bomba la kustanji mpaka litoe waridi, na koki yake unaiacha wazi. Bakulini unabakiza dawa kidogo ili raba ya mlango isikauke.